Alama za Wangechi Mlangoni

Kwa Nyambura, na kwa Nyambura peke yake,

Sitakuandikia habari za sweta. Baba yako amekwisha kukwambia kwamba baridi ya Timau ina upepo, si kama hii yetu ya Tetu inayokaa kimya juu ya majani chai, na shangazi yako wa huko atakuonyesha pa kununua maziwa na pa kusali. Dawa ya kifua iko kwenye mfuko wa pembeni. Hayo yametosha.

Nataka kuandika juu ya swali uliloniuliza jioni hii tulipokuwa tukikunja nguo. Ulishika sketi yako ya kijani, ukaiweka kwenye begi, ukaitoa tena. Kisha ukasema, bila kunitazama, "Mama, nikienda, Wangechi ataendelea kukua?"

Nilisema naenda kumfunga ndama. Ulijua ndama amekwisha kufungwa, nami nilijua kwamba unajua. Nilisimama nje huku ukungu ukishuka kutoka msituni, nikasikia ukifunga zipu ya begi, kisha ukiifungua. Ukaniambia kupitia dirishani, "Au nisiende. Hiyo nafasi wampe mtu mwingine."

Ndiyo sababu naandika. Chuo cha kilimo hakimngoji mtu. Usipofika kesho, kitanda chako atakilalia mwingine, nawe utabaki hapa ukimlinda dada yako aliyekufa, kwenye mlango wa jikoni. Jambo hilo nililianzisha mimi. Acha nikusimulie tangu mwanzo, hata zile sehemu unazozijua, kwa kuwa unazijua kwa upande wako tu.

Mlizaliwa siku moja, wewe ukitangulia. Majina yalikuwa yanawangoja, kama ilivyo desturi yetu: msichana wa kwanza huchukua jina la nyanya wa upande wa baba, wa pili jina la nyanya wa upande wa mama. Wewe ukawa Nyambura. Aliyekufuata akawa Wangechi, jina la mama yangu mzazi. Na unajua watu wetu wanavyofanya baada ya hapo: mtoto mwenye jina la mama yako, unamwita mama. "Mama, njoo unyonye," nilikuwa nikimwambia Wangechi, na majirani wanacheka. Wewe nilikuita Nyambura. Sikuona ubaya. Wewe uliuona ukiwa darasa la pili, uliponiuliza, "Na mimi nitakuwa mama lini?" Nilidhani unataka mwanasesere. Nikakushonea mmoja.

Kila shule zilipofungwa niliwapima kwenye mlango wa jikoni. Mwimo wa kulia ulikuwa wako, wa kushoto wake. Mlisimama mkitazamana, visigino vimegusa ubao, mkitoleana ulimi, nami nikapiga mstari mdogo wa penseli juu ya kila kichwa. Wangechi alikuzidi kidogo, kama upana wa kidole. Mimi mwalimu wa hisabati sikuweza kuona namba mbili nikaziacha zikae. Niligawanya. Urefu wake kwa urefu wako. Muhula hadi muhula nikaona uwiano unavyokwenda, jinsi ulivyokuwa unamfikia polepole, na nilijivunia hesabu ile kama mtu aliyegundua kitu.

Julai ile ya ukungu mzito, mkiwa darasa la tatu, Wangechi alianza kukohoa. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumemzika pale mpakani, majani chai yanapoishia.

Mama yangu, Cucu wako, alikuja matanga yalipokwisha. Pengine umesahau, maana ulikuwa mdogo, lakini mimi nakumbuka hata rangi ya blanketi lake. Alikaa karibu na moto akauliza, "Sasa jina langu liko wapi?"

Baba yako akamwambia, "Cucu, tumezika mtoto juzi."

"Mtoto najua mmezika. Mimi nauliza jina. Nitalala aje nikijua liko nje huko na hii baridi?"

Akakuita, akakushika kidevu. "Wewe utamshikia dada yako. Nikiita Wangechi, uitike. Umesikia?"

"Ndiyo, Cucu."

"Wangechi."

"Naam, Cucu."

"Niletee maji."

Ulimletea maji, ukamkabidhi kikombe kwa mkono wa kushoto. Wewe hutumii mkono wa kushoto, Nyambura. Wangechi ndiye aliyeutumia, na Cucu alikuwa akimgombeza kila siku kwa sababu hiyo. Siku hiyo hakugombeza. Alikunywa maji yote, akalala usingizi mzito. Mimi nilisimama na sufuria mkononi na sikumzuia. Sikutaka kumzuia. Nilikuwa nimesikia jina lile likiitwa ndani ya nyumba, na likiitikiwa.

Tangu siku hiyo uliitika majina mawili. Sauti yako ilibadilika kidogo kulingana na jina lililoitwa. Sijui kama ulijua.

Shule zilipofungwa muhula ule, ulikuja mwenyewe ukasimama kwenye mwimo wako. Nikapiga mstari. Kisha nikageuka upande wa pili, kwa mazoea tu, penseli ikiwa bado juu, na ubao ule ulikuwa mtupu. Nadhani hapo ndipo nilipokosea njia, Nyambura. Nilichukua urefu wako, nikauzidisha kwa uwiano wangu, nikapata urefu ambao Wangechi angekuwa nao. Nikapiga mstari. Nilipanga uwe mmoja tu, wa kuniondolea uchungu siku ile.

Muhula uliofuata nikapiga mwingine.

Hivyo dada yako akaendelea kukua. Mistari yake ilipanda mkabala na yako, juu zaidi kidogo, na mtu asiyejua habari zetu angesema nyumba hii ina wasichana wawili. Ulipougua homa ukakaa muhula mzima bila kuongezeka, yeye naye hakuongezeka. Ulipokua ghafla mwaka ule sketi zote zilipokuwa fupi, naye alikua ghafla. Hakuwa na urefu wake mwenyewe. Alikua kwa mwili wako. Nilijua, maana mimi ndiye niliyekuwa nikizidisha.

Ukaanza kupita mlango ule kwa ubavu. Watu walidhani ni mchezo. Ulipita ukiwa umegeuza bega, mgongo umeambaa mwimo wako, kama mtu anayempisha mwenzake aliyebeba ndoo. Hata mbwa alijifunza. Ulipoingia alitikisa mkia, kisha akaendelea kutazama mlango muda kidogo baada yako, halafu akasogea kando. Baba yako alisema, "Huyo mbwa amezeeka, haoni vizuri." Nikasema ndiyo, amezeeka. Alikuwa bado hajamaliza kung'oa meno ya utoto.

Kulikuwa na mambo mengine madogo ambayo hayakuonekana ukutani. Ulipokuwa wa kwanza darasani nilisema, "Wangechi angefurahi." Ulipovunja birika nilisema, "Ingekuwa Wangechi..." halafu nikanyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukawa kubaya kuliko kusema. Sikumbuki hata mara moja niliposema, "Mimi nimefurahi."

Ulipofika kidato cha pili ulisimama kwenye mwimo wako siku ya kupimwa, nikaona visigino vyako vimeinuka. Ulikuwa umesimama kwa vidole vya miguu, shingo imenyooka, miguu inatetemeka, macho yako yakiwa upande wa pili, kwenye mstari wa mwisho wa dada yako. Ulikuwa unajaribu kumfikia. Nikapiga mstari wako, upande wake nikauacha. Nikaiweka penseli kwenye kopo la chumvi juu ya kabati, na tangu hapo niliitoa kwa mstari wako tu.

Wiki ile ile, asubuhi moja nilipokwenda kuwasha moto, mstari wa Wangechi ulikuwepo.

Sikuupima. Niliogopa kuupima. Muhula uliofuata ukatokea mwingine, na huo niliupima, nikafanya hesabu, na ulikuwa mahali pake hasa. Ulikuwa umelala kidogo kama mstari unaopigwa na mkono wa kushoto. Nilidhani naamka usingizini na kuupiga mwenyewe. Nikaificha penseli kwenye mkoba wangu wa shule. Mstari ukaja bado. Nilimwuliza baba yako kama aliona kitu mlangoni. Alikuwa anavaa viatu aende kwenye lori la maziwa. "Kwani si ni wewe unachora?" akasema. "Hii mlango ikipakwa rangi mtanilaumu mimi."

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Sikubaki na hofu. Niliizoea, kisha nikaanza kuingoja. Shule zikifungwa niliamka mapema niende nikaone kama amekuja. Uwiano ule niliujua mimi peke yangu, hivyo nilidhani, na sikuona ni nani mwingine angeweza kuweka mstari pale isipokuwa mwenyewe. Niliamini, Nyambura. Niliamini nikiwa nimefurahi, huku wewe, niliyekuwa nawe mezani, ukinywa chai yako ikiwa imepoa.

Mwaka jana nilipoanza masomo ya Jumamosi mjini Nyeri, ulinicheka. "Ati mama msichana wa shule! Umemaliza kazi ya nyumbani? Usipomaliza naita mzazi wako." Nilipenda sana ulivyonicheka. Nilikuwa nanunua kalamu mpya, nachora mistari kwa rula, nakaa mbele kabisa. Umri huu wangu, na bado moyo unanidunda mwalimu akiuliza swali.

Tulisoma milinganyo ya mabadiliko. Hiyo haikwambii kitu kiko wapi. Inakwambia kinavyokwenda, na wewe unatafuta ni kitu gani kinaweza kwenda hivyo. Ile ya aina rahisi ina upole fulani. Ukipata majibu mawili ukayajumlisha, jumla yake nayo ni jibu. Ukiongeza moja maradufu, bado ni jibu. Nilifikiria nyumba ambamo kila mtoto anayezaliwa anatosha. Lakini chukua majibu hayo mawili, usiyajumlishe, gawanya moja kwa jingine. Unachopata hakitii tena mlinganyo ule wa kwanza. Kina mlinganyo wake, mgumu, uliojaa vipeo na sehemu, usiokubali kujumlishwa na chochote. Na ndani ya mlinganyo huo mpya wale wawili hawaonekani kabisa. Uwiano umebaki unatembea peke yake, na una sheria yake.

Unakumbuka nilikuchorea mstari wa uwiano wa namna hiyo nyuma ya kalenda ya zamani? Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unanisaidia kumenya viazi. Mstari ulipanda, ukapanda, ukatoka juu ya karatasi. Kisha nikauchora ukitokea chini kabisa, upande wa pili, ukianza kupanda upya.

"Imekufa hapo juu," ulisema.

"Haijafa. Pale kile cha chini, kinachogawanya, kimekuwa sifuri, na huwezi kugawanya kwa sifuri. Imepita."

"Imepita wapi?"

"Mahali ambapo karatasi haifiki. Halafu inarudi na upande ule mwingine."

Uliacha kumenya. Ukaniuliza tena, polepole, "Kwa hivyo inarudi?" Nikasema, "Lazima irudi," nikaendelea na kazi yangu, nimefurahi kwamba mwanangu anapenda hisabati. Sikujua ninamwambia nani nini.

Jioni hii nimejua. Niliporudi kutoka kwa ndama ambaye hakuhitaji kufungwa, ulikuwa umekaa juu ya begi.

"Nani atampigia mstari nikienda?" uliniuliza.

"Ni wewe?"

"Si uliacha. Niliona umeacha." Ulikuwa unatazama vidole vyako. "Nilipiga hesabu kama zako. Haikuwa ngumu, mama, mistari yote iko pale, unagawanya tu. Nikaona kila asubuhi ya kufunga shule unaenda mlangoni na unarudi ukiwa na uso mzuri. Ningeachaje?"

"Penseli niliificha."

"Penseli ziko nyingi, mama. Wewe ni mwalimu."

Nilicheka, nawe ukacheka, na kicheko kikatuishia vibaya wote wawili. Kisha nikakuuliza kwa nini mistari yako imelala kama ya mtu wa kushoto. Ulishtuka. Ulitazama mkono wako wa kulia, kisha wa kushoto, kama mtu anayetafuta alikoweka funguo. "Sijui," ulisema. "Sikujua. Mkono ulienda wenyewe." Na ulipofika mlangoni kwenda kulala ukageuka. "Lakini ile ya kwanza haikuwa yangu. Ile ya kidato cha pili. Nilidhani ni wewe ulirudi ukaiweka, ndio nikaendelea."

Ukapita kwa ubavu, ukaenda.

Sitakuficha kwamba niliogopa. Kisha nikachukua utepe wa kupimia na taa nikaenda mlangoni. Ule mstari ambao sikuthubutu kuupima siku ile, leo nimeupima. Hauko mahali pa hesabu yangu. Uko chini kidogo. Uko sawasawa na wako wa siku ile, kama mtu aliyeweka kiganja kwenye mstari wako akakivusha upande wa pili bila kukiinua wala kukishusha. Ule uliotungoja sote wawili, uliotufanya mimi niamini na wewe uendelee, haukufuata uwiano wowote.

Nilimwamsha baba yako. Alisema bila kufungua macho, "Ah, hiyo. Si ilikuwa siku ya kufunga shule? Niliona ya Nyambura iko peke yake, nikaona umesahau."

"Ulijuaje urefu wake?"

"Urefu gani? Kwani hawakuwa mapacha?" Akavuta blanketi. "Zima taa, kesho ni safari."

Baba yako hajawahi kugawanya chochote katika nyumba hii. Ugali anakata kwa macho.

Kuna Jumamosi moja mwalimu wetu, kijana ambaye koti lake linamzidi mabega, aliandika ubaoni majibu mawili, akayazidisha yote mawili kwa kitu kimoja, kirefu, kilichojaa mstari mzima. Kisha akagawanya. "Kiko wapi kile kitu?" akauliza. Mama mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Kimekatwa, mwalimu." Akasema, "Kimekatwa. Wapeni wote wawili chochote, kiwe kikubwa namna gani. Mkigawanya, kile walichopata wote hakitaonekana. Uwiano haukijui." Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini.

Mlilala kitanda kimoja chini ya dirisha lile linalovuja. Mliimbiwa wimbo mmoja. Mlipigwa kwa kosa moja, la kupanda juu ya tangi, na mkalia pamoja, mkanyamaza pamoja mlipopewa miwa. Moto ule ule, maziwa yale yale, na mimi yule yule, nikiwapenda hata nikashindwa kupumua. Hayo yote ndiyo yaliyokuwa makubwa. Na kila nilipochukua penseli nikagawanya, niliyafuta. Nilibaki na upana wa kidole, nikauita binti yangu.

Jambo la pili ni lile ambalo sikukuonyesha nyuma ya kalenda, kwa sababu viazi vilikuwa vimechemka. Mstari ule uliopanda ukapotea, unaweza kuugeuza. Cha juu kiweke chini, cha chini kiweke juu. Palepale ulipopotelea, sasa utauona ukipita kwenye sifuri, polepole, karatasini, mbele ya macho yako. Hauendi popote. Pana sifuri hapo, na sifuri ni jibu kama majibu mengine. Mlangoni niligawanya urefu wake kwa wako, lakini moyoni miaka yote hii nilikuweka wewe juu na Wangechi chini, nikakupima kwake, na kwa kuwa hayupo, kila ulichofanya kikawa hakina kipimo. Nilipaswa kugeuza. Nilipaswa kusimama mbele ya mwimo ule mtupu, mwanzoni kabisa, na kusoma kilichokuwa pale.

Sisemi haya kama mahubiri, maana hata jioni hii nilipoupima ule mstari, kwa muda mfupi kabla baba yako hajasema neno, nilitamani awe Wangechi ndiye aliyeupiga.

Lakini uliniuliza swali, na mwalimu hawezi kuacha swali bila jibu. "Nikienda, Wangechi ataendelea kukua?" Nimeshika taa karibu nikatazama mistari yako mwenyewe, ile ya kulia. Ya mihula ya mwisho haijaachana. Imelaliana mpaka imekuwa mstari mmoja mnene. Nikahamia upande wa kushoto, na yake ni hivyo hivyo: umekuwa ukipiga mstari juu ya mstari, na kwa giza la jikoni, au kwa haraka ya kuogopa nisikukute, hukuona. Umemaliza kukua, Nyambura. Wewe ni mtu mzima. Na kwa hesabu yoyote ile, yangu au ya baba yako, naye amefika. Hatakuwa mfupi ukiondoka. Hatasahaulika katikati ya kukua. Hana mstari mwingine anaoungoja kwako wala kwangu.

Sitapiga randa mwimo ule, wala sitaupaka rangi. Mistari ibaki. Penseli nimeitoa kwenye mkoba nikaichonga, kwa sababu Jumamosi nina mtihani na sina nyingine nzuri.

Cucu akipiga simu akakuita Wangechi, mwambie kwa heshima kwamba jina lake liko nyumbani kwa mama, kwenye joto, na kwamba mama ndiye anayelishika sasa. Atanung'unika. Nitamwitikia mimi.

Ukifika Timau utauona mlima wetu upande wa pili. Vilele vyake havitakaa unavyovijua, na siku za kwanza utadhani wamekudanganya, kwamba huo ni mlima mwingine. Ni huo huo. Tutakuwa tunautazama sote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na hatutahitaji kuulizana nani anauona vizuri zaidi.

Siwezi kukuita mama, jina hilo lilikwenda kwa mwingine na sitaki tena kukuvika cha mtu. Nitakuita ulivyoitwa ulipotangulia, wakati nilipokuwa na mtoto mmoja mikononi na sikujua kama kuna mwingine, na nilikutazama tu bila kukulinganisha na yeyote. Nyambura. Mimi nimefurahi. Nimefurahi ulipokuwa wa kwanza, nimefurahi hata kwa birika. Nimechelewa kusema, lakini nimesema kabla lori la baba yako halijawaka.

Barua hii nitaiweka juu ya sketi ya kijani, na sketi nitairudisha kwenye begi. Utaisoma asubuhi huku mimi nikikamua, ili usilazimike kunijibu. Nitakuwa nje, nimesimama na ndoo, natazama jikoni. Mbwa atakuwa hapo pia. Beba begi lako kwa mkono unaoupenda. Unapotoka, usigeuze bega. Usimpishe mtu.

Pita katikati ya mlango.

Mama yako